Mtaa umepata lami, magari yanakimbizwa: tuombe 30 au tubaki na 50?

Mkazi wa Tabata: Wakuu, habari zenu. Barabara ya mtaani kwetu ilipokuwa ya vumbi, mashimo yalimlazimisha kila dereva kwenda taratibu. Tangu iwekwe lami, bodaboda na wanaokwepa foleni wanapita mbio. Njia ya waenda kwa miguu hakuna. Watoto wa shule wanatembea ukingoni mwa lami, pembeni mtaro uko wazi, gari likija hawana pa kukimbilia. Kikao cha mtaa kimegawanyika: wengine tunataka kikomo cha kilomita 30 kwa saa, wenye magari wanasema sheria inaruhusu 50. Nipeni hoja.

Mzee wa Gia: Ndugu yangu, 50 ni kikomo, hulazimishwi kuifikia. Piga hesabu. Kwa 50 gari linakula karibu mita 14 kwa sekunde, yaani hata breki hujaikanyaga. Kwa 30 ni mita 8 na kidogo. Mtoto anayechomoka nyuma ya bajaji iliyoegeshwa anaponea kwenye hiyo tofauti. Na akigongwa kwa 50, kishindo chake kinakaribia mara tatu ya 30.

Dereva wa Mtandao: Mimi napinga. Wekeni 30 karibu na shule tu. Usiku nimebeba mgonjwa, nitambae mtaa mzima?

Mama Naima, Mbagala: Kibao peke yake hakimzuii mtu, dada yangu au kaka yangu. Kwetu vijana walimwaga zege usiku bila kibali, tuta likawa kama ukuta, bajaji zikawa zinakwama tumbo. Likabomolewa. Andikeni muhtasari wa kikao, upite kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani, ufike TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wilayani. Ombeni matuta mapana, yaliyopakwa rangi.

Msafiri wa Cardiff: Huku Wales, Septemba 2023 walishusha mitaa ya makazi toka maili 30 hadi 20, kama kilomita 32. Zaidi ya watu laki nne walisaini kupinga. Majeruhi walipungua, ila serikali ililazimika kulegeza, baadhi ya barabara za kupitia zikarudishwa maili 30. Kwa hiyo tajeni mitaa yenu kwa majina, barabara kubwa muiache.

Mkazi wa Tabata: Ahsanteni sana. Mkuu Dereva, watoto wetu wanavuka pia kwenda dukani na msikitini, siyo getini kwa shule tu. Naanza kukusanya saini nyumba zinazopakana na barabara. Aliyewahi kupeleka ombi TARURA, walimdai vielelezo gani?