Draya ya nguo inazunguka lakini haitoi joto, na inapiga kelele ikianza

Pasi_Baridi

Habari zenu wakuu. Nina draya ya kilo 7 ya umeme wa volti 230, ile yenye bomba la kutoa hewa nje, si ya tangi la maji. Kibandiko cha nyuma kinasema hita ni wati 2,400.

Kwa mwezi hivi nguo zilikuwa zinachelewa kukauka. Mzigo uliokuwa unachukua saa moja ukafika saa moja na nusu, kisha saa mbili. Sasa joto limekata kabisa. Pipa linazunguka, feni inavuma, taa zinawaka, lakini hewa ni ya baridi. Halafu ikianza kuzunguka inalia kama panya aliyebanwa mkia, dakika chache tu, kisha inatulia.

Chujio nalisafisha kila baada ya mzigo. Multimita na bisibisi ninazo. Nianzie wapi kabla sijanunua hita mpya?

---

omu_sifuri

Hita usinunue kwanza. Maelezo yako yenyewe yanaonyesha njia: hita ikikatika, joto hupotea siku moja bila kuaga. Kuchelewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ndipo joto likate ni dalili ya hewa kuzibwa. Hewa isipopita vizuri, unyevu hauna pa kutokea na nguo hazikauki. Wakati huohuo joto linarundikana kwenye hita, na mwisho kinga ya joto inakata umeme wake. Kinga hiyo imefanya kazi yake. Ukibadilisha kinga peke yake bila kuzibua njia ya hewa, baada ya muda mfupi itakata tena.

Kabla ya kufungua kitu, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima kitufe cha mashine hakutoshi, kwa sababu nyaya za ndani zinaweza kubaki na umeme. Sogeza draya, vua bomba la nyuma na uangalie mambo matatu.

Kwanza bomba lenyewe. Likiwa la plastiki au karatasi ya alumini yenye mikunjo mingi, nyuzinyuzi hunasa kwenye kila mkunjo. Pili, kifuniko cha nje, kile kinachofunguka hewa ikitoka. Mara nyingi hugandana na nyuzinyuzi kikabaki kimefungwa nusu. Tatu, chujio. Najua umesema unalisafisha, lakini liweke chini ya bomba la maji uone. Maji yakisimama juu ya wavu badala ya kupita, kuna utando wa dawa ya kulainisha nguo ambao macho hayauoni. Lisugue kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi laini, kisha likauke kabisa kabla ya kulirudisha.

Pia toa nyuzinyuzi zilizo kwenye shimo linamokaa chujio. Tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba. Hapo ndipo wengi hawafiki.

---

FundiBeringi

Naongezea upande wa vipimo. Plagi ikiwa nje, fungua bamba la nyuma (kwenye baadhi ya modeli ni ubavu au mbele). Piga picha nyaya kabla ya kuvuta hata mmoja.

Hita: vuta nyaya zake kwa kushika kiunganishi chenyewe, usivute waya. Weka mita kwenye omu. Hesabu ni volti mara volti, gawanya kwa wati: 230 × 230 ÷ 2,400, yaani omu 22 hivi. Ukipata kati ya 20 na 25, hita ni nzima. Mita ikiandika OL (yaani umeme hauna njia ya kupita), koili imekatika. Kisha gusa mguu mmoja wa hita na bodi la chuma: hapo lazima iandike OL. Ikionyesha namba yoyote, koili imegusa ganda lake na hita hiyo ni ya kutupa hata kama bado inatoa joto.

Kinga za joto: kwenye ganda la hita kuna vijitu viwili vya duara, kila kimoja na nyaya mbili. Vyote vikiwa baridi vinatakiwa visome karibu na omu 0. Kimoja kikiwa na kitufe kidogo katikati, kibonyeze kwa ncha ya bisibisi. Ukisikia "tik", kilikuwa kimejikata na sasa kimerudi. Kile kisicho na kitufe mara nyingi ni cha kuungua mara moja tu, hakirudi.

Kihisi cha joto: hiki kiko kwenye njia ya hewa, mbali na hita. Aina iliyo kwenye mashine nyingi husoma takriban omu 10,000 ikiwa na nyuzi joto 25, na namba hushuka ukikipasha kwa kiganja. Namba isiposogea kabisa, kimekufa.

Vipimo vyote hivi ni vya mashine isiyo na umeme. Kupima volti wakati bamba liko wazi na mashine inawaka si kazi ya mtu anayejifunza.

---

mkanda_mrefu

Nikazie jambo moja kwenye hita, FundiBeringi amelipita haraka. Hita nyingi za volti 230 zina koili mbili ndani ya ganda moja: moja kwa joto la chini, zote mbili kwa joto la juu. Zikiwa za wati 1,200 kila moja, utasoma omu 44 kwa kila koili na 22 zikiwa pamoja. Kwa hiyo mtu akipima sehemu moja akapata 44, asikimbilie kusema hita imeharibika. Na koili moja ikikatika, draya haiwi baridi. Inatoa joto nusu.

La pili, msiunganishe waya wa kuiruka fyuzi ya joto (ile kinga isiyo na kitufe) "kwa kujaribu". Nimeona ushauri huo ukisambaa sana. Ile fyuzi ndiyo kitu cha mwisho kati ya hita nyekundu na nyuzinyuzi kavu, na nyuzinyuzi kavu hushika moto kama pamba. Mita inakwambia yote unayotaka kujua bila kuunganisha chochote.

---

Pasi_Baridi

Asanteni sana. Matokeo haya hapa:

Hita omu 22.4, kwenye bodi OL. Kinga yenye kitufe: niliibonyeza ikafanya "tik", sasa inasoma 0.3. Kinga ya pili: OL. Kihisi cha joto 10,600, kinashuka nikikishika. Kifuniko cha nje kilikuwa kimeganda. Bomba ni la alumini ya mikunjo, refu kama mita 4, limejaa katikati palipopinda. Chujio lilishikilia maji!

Je, nibadilishe kinga iliyokufa tu?

---

FundiBeringi

Kinga ya pili imeungua, na ndiyo inayokunyima joto. Lakini nunua zote mbili. Aghalabu huuzwa kama seti. Ile ya kitufe nayo imepita kwenye joto kali, na ikianza kukata mapema utarudi kufungua bamba lilelile. Nenda na namba ya modeli kutoka kwenye kibandiko. Usilinganishe kwa sura, maana kinga mbili zinazofanana kabisa huweza kukata kwenye joto tofauti. Kiwango huandikwa ubavuni mwa kinga yenyewe.

Kabla ya kufunga, shika kila kiunganishi cha hita. Kilicholegea au kuwa cheusi kikate, uweke kipya cha kuhimili joto, ukibane kwa koleo lake. Kiunganishi kilicholegea huzalisha joto lake chenyewe.

---

omu_sifuri

Bomba la mikunjo mita 4 ni refu mno. Weka la chuma gumu na laini ndani, kipenyo kilekile cha mdomo wa draya (mara nyingi milimita 100), na lipite njia fupi kadiri inavyowezekana. Kila kona ya nyuzi 90 inapunguza mwendo wa hewa, kwa hiyo angalia kitabu cha mashine kuhusu urefu na idadi ya kona. Kipande cha mikunjo kibaki kile kifupi cha nyuma ya draya tu. Viungo vifunge kwa klampu au utepe wa alumini, usitumie skrubu: ncha za skrubu zinazotokeza ndani hukamata nyuzinyuzi na kuanzisha rundo upya.

Ukimaliza, washa draya tupu kwa joto la juu, uende nje. Kifuniko kinatakiwa kifunguke kabisa na usikie msukumo wa hewa ya moto mkononi. Kikifunguka nusu, bado kuna kizuizi, au pangaboi la ndani limejaa nyuzinyuzi au limelegea kwenye shafti.

---

mkanda_mrefu

Mlio umesahaulika. Kulia mwanzoni kisha kutulia mara nyingi ni rola za kubeba pipa au kapi inayokaza mkanda. Bamba likiwa wazi, vua mkanda kwenye kapi (piga picha jinsi ulivyozungushwa), kisha zungusha kila rola kwa kidole. Nzima inazunguka kimya. Mbovu inakwaruza, inacheza kushoto na kulia, au ina sehemu bapa. Hiyo ya bapa hutoa "du, du, du" badala ya mlio.

Usipulizie mafuta ya kopo. Yatanyamazisha kwa wiki moja, kisha yananasa vumbi na kuwa kama gundi. Badilisha rola zote kwa pamoja, futa shafti zake hadi ziwe laini. Mkanda ukiwa na nyufa au kingo zilizochanika, weka mpya wakati huohuo, maana kazi ya kuufikia umeshaifanya.

---

Soksi_Moja

Samahani kuingilia. Yangu ni ya tangi la maji, haina bomba. Joto lipo ila inazima baada ya dakika 20 na kusema imemaliza wakati nguo bado mbichi. Wakati mwingine taa ya tangi inawaka na tangi liko tupu.

---

omu_sifuri

@Soksi_Moja hayo ni matatizo mawili. La kuzima mapema: ndani karibu na mlango kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu nguo zikivigusa. Dawa ya kulainisha huvipaka utando, mashine ikadhani nguo ni kavu. Vifute kwa kitambaa chenye siki nyeupe au spiriti, usitumie steliwaya. Ukikausha nguo mbili tatu tu, hazivigusi vya kutosha. Tumia mpangilio wa dakika badala ya ule wa otomatiki.

Taa ya tangi: maji hukusanyika kwanza kwenye kisima kidogo chini, halafu pampu huyapandisha juu. Nyuzinyuzi zikiziba pampu au boya likanasa, mashine inaona kisima kimejaa. Chomoa plagi, fungua sehemu ya chini, toa uchafu, hakikisha boya linapanda na kushuka.

Kipoozeo (kinachogeuza mvuke wa nguo kuwa maji) nacho kisafishe. Kama kinachomoka, kisuuze kwa maji hadi yatoke meupe. Kama draya ni ya pampu ya joto (inayopasha hewa kwa mfumo wa gesi kama wa friji), mara nyingi hakichomoki: vuta vumbi kwa brashi laini kufuata mstari wa mapezi, yanapinda kirahisi. Mfumo wa gesi usiuguse, nyingi za sasa zina R290 ambayo ni propani na inawaka. Na aina hiyo hukausha kwa joto la chini na kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo hewa vuguvugu peke yake si ubovu.

---

Pasi_Baridi

Mrejesho: kinga mbili mpya, rola mbili, bomba gumu la mita 1.5 lenye kona moja. Joto limerudi, mlio umeisha, kifuniko cha nje kinafunguka chote. Mzigo wa kilo 5 umekauka kwa dakika 65.