DAC ya USB yamaliza chaji ya simu: nianzie wapi?

Mwana_Tudor
Salaam aleikum wadau. Nina DAC (kidude kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya hedifoni) ndogo ya Type-C, ile ya waya mfupi isiyo na betri, yenye tundu la 3.5 mm na la 4.4 mm. Simu ni Android, betri 5000 mAh. Nikicheza muziki kwa bando, skrini ikiwa imezimwa, chaji yashuka kama asilimia 9 kwa saa. Kwa hedifoni za Bluetooth ni asilimia 4 hivi. Nikiiacha imechomekwa usiku bila kucheza chochote, asubuhi chaji imepungua vibaya. Je, DAC ni mbovu? Na kuna njia ya kuchaji huku nasikiliza?

Fundi_Makadara
Wa aleikum salaam ndugu. DAC hiyo haina ubovu. Kwa kuwa haina betri, umeme wote yautoa kwenye simu. Simu nayo hupandisha volti za betri, 3.85 hivi, hadi 5, na katika kupandisha hupotea kama sehemu moja ya kumi, mara nyingi zaidi kidogo.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Tafuta mita ya USB, kile kidude chenye skrini ndogo kinachoonyesha volti na ampea. Ikiwa ni ya tundu pana la Type-A, panga hivi: simu, adapta ya OTG (inayoiwezesha simu kuendesha vifaa vya USB), mita, waya wa A kwenda C, halafu DAC. Soma muziki ukicheza kwa sauti uliyoizoea, soma ukiwa umesitishwa, kisha soma programu ikiwa imefungwa kabisa. Ukisikia mikwaruzo wakati wa kupima usishtuke, ni viungo vimekuwa vingi. Ukitoa mita itakwisha.

Mwana_Tudor
Nimepima. Tundu la 3.5 mm: 0.11 A. Tundu la 4.4 mm, ambalo ndilo natumia: 0.16 A. Muziki umesitishwa: 0.09 A. Programu imefungwa: 0.07 A. Volti ni 5 muda wote.

Fundi_Makadara
Basi mambo yako wazi. Betri yako ni kama Wh 19 (wati-saa, yaani 5000 mAh mara volti 3.85). Ampea 0.16 kwa volti 5 ni wati 0.8, na ukiongeza kinachopotea ni wati 0.9 na ushei, yaani karibu asilimia 5 ya betri kila saa. Zile 4 zilizobaki ni simu yenyewe na bando lake, ndiyo maana zalingana na hesabu yako ya Bluetooth.

Tundu la 4.4 huendesha vikuza sauti viwili kwa kila upande, na hapo ndipo chaji inakwenda. Hedifoni za ohimu 16 au 32 hazina haja nalo. Hamia 3.5, weka geini (kiwango cha kukuza sauti) ya chini, na DAC itashuka hadi asilimia 3 na kitu kwa saa. Ile taa ndogo ya rangi hata usihangaike kuizima, inakula milliampea chache tu.

Ya usiku: 0.07 A kwa saa nane ni asilimia 17 ya betri, na hakuna wimbo hata mmoja uliochezwa. Simu nyingi hazikati umeme wa tundu hata kama kifaa kimenyamaza. Kuchomoa ndiyo dawa. Baadhi ya simu, kama za Oppo na OnePlus, zina swichi ya OTG kwenye mipangilio ambayo hujizima yenyewe baada ya dakika kumi bila matumizi. Kama yako inayo, usiiache wazi.

Kisauni_HiFi
Nakubaliana na Fundi, ila tusisahau upande wa programu. Linganisha zile 0.09 na 0.07. Wimbo umesitishwa, lakini programu bado imeishikilia DAC na inaipelekea ukimya, kwa hivyo haipumziki. Ukimaliza kusikiliza ifunge, usiiache imesitishwa.

Halafu angalia kama umewasha kupandisha sampuli, yaani programu kuongeza idadi ya sampuli za sauti kwa sekunde. Nyimbo nyingi ni 44.1 kHz. Kuzipeleka 384 kHz kunaifanyisha kazi prosesa ya simu na chipu ya DAC pia, na wimbo hauongezeki kitu ambacho hakikuwamo. Zima hiyo, na ikweliza (kirekebisha besi na sauti nyembamba) kama huitumii. DAC nyingine zina modi ya UAC1 (toleo la zamani la kupitisha sauti kwa USB), ambayo hukomea 96 kHz au chini yake. Ijaribu na mita ikiwa bado iko mkononi.

Hiyo asilimia 4 ya simu nayo inapunguzika. Pakua nyimbo kwa Wi-Fi nyumbani, kisha zima data ukiwa njiani. Mtandao ukiwa hafifu redio ya simu huongeza nguvu kuutafuta, na hapo chaji huteketea.

Bi_Bamburi
Kuhusu kuchaji huku wasikiliza, kaka, jihadhari na vile vigawanyio rahisi vya tundu moja kuwa mawili visivyo na chipu ndani. Ukichomeka chaja, DAC inapotea. Simu ikipokea umeme kwa njia ya kawaida huacha kuwa mwenyeji wa kifaa. Ili ipokee umeme na bado iiamrishe DAC, lazima yafanyike mazungumzo ya PD (Power Delivery, kanuni ya kupeana umeme kwa Type-C) kati ya simu na chaja. Kwa hivyo nunua habu (kigawanyio chenye chipu) au adapta iliyoandikwa PD kwenye tundu la chaji, na chaja iwe ya PD, Type-C kwa Type-C, wati 20 hivi. Chaja ya tundu pana la zamani haitafanya kazi hiyo. Hakikisha pia simu yako yenyewe inakubali, kwa hivyo ijaribu dukani kabla ya kulipa.

Mpangilio una maana: DAC kwenye habu, chaja kwenye habu, mwisho habu kwenye simu. Ukichomoa chaja katikati ya wimbo, umeme hukatika kidogo pande zinapobadilishana zamu, DAC inazimika na muziki unasimama. Punguza sauti kwanza ndipo uchomoe.

Ukisikia mvumo au mlio mwembamba, toa chaja ya ukutani uweke pawabenki ya PD. Mvumo ukitoweka, kosa ni la chaja.

Na kaskazi hii, simu inachaji, inatoa muziki, na iko mfukoni au chini ya mto: betri ya lithiamu haistahimili hivyo. Ikiwa mgongo wake unauma mkono kwa joto, acha kuchaji. Weka kikomo cha asilimia 80 kama simu inacho.

Mwana_Tudor
Shukran sana. Nimehamia 3.5 na nimezima kupandisha sampuli. Sasa DAC ikiguswa kidogo sauti inakatika, na mita nayo inarukaruka kutoka 0.11 hadi sifuri. Ni waya?

Fundi_Makadara
Anza na tundu la simu. Huku pwani chumvi na unyevu hushika vile vibati vidogo, na vumbi la mfukoni hujibana nyuma. Zima simu, angaza kwa tochi, utoe uchafu kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie pini. Kisha pitisha brashi laini yenye tone la spiriti kwenye plagi ya DAC na uache ikauke dakika kumi. Ukiona kijani kwenye vibati, hiyo ni kutu ya shaba, pitisha tena mara ya pili. Baada ya hapo ikiendelea kukatika, geuza plagi juu chini. Ikishika upande mmoja na kukataa wa pili, vibati vya upande mmoja vimekwisha, na waya mfupi wa OTG wa C kwa C utakuonyesha kama ni vya simu au vya DAC.