Kihispania: mlemavu, kiziwi, mzee... nazitafsirije bila kumtukana mtu?

mtafsiri_mbichi
Wakuu habari, nina kijitabu cha afya nakitoa Kiswahili kwenda Kihispania, nimekwama kwenye maneno ya kutaja watu. Kamusi yangu ya zamani mlemavu inanipa minusválido, kiziwi sordomudo, mzee viejo, nikiyasoma moyo unasita. Au niweke tu capacidades diferentes (wenye uwezo tofauti) nimalize? Naona kama ina ustaarabu flani

BiKalamu
Hiyo kamusi weka pembeni ndugu yangu. Minusválido ukiipasua ni mtu wa thamani pungufu, nani atapenda? Inayotumika ni persona con discapacidad, ndo iliyopo hata kwenye jina la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, na Hispania wenyewe katiba yao ibara ya 49 ilisema disminuidos, yaani waliopungukiwa, toka 1978, wamekuja kuitoa 2024 juzi tu hapo. Ni kama sisi tulivyotoka kwenye kilema tukaja mtu mwenye ulemavu. Zeruzeru vilevile, andika persona con albinismo.
Capacidades diferentes achana nayo, nani hana uwezo tofauti na mwenzie? Mexico waliiweka kwenye katiba 2001, 2006 wakaitoa

mzee_wa_nukta
Naongezea hapo kwa kiziwi, usizungushe maneno, persona sorda au sordo tu na wengi wao wanaikubali. Kosa ni hiyo mudo, yaani bubu, wakati watu wana lugha yao kamili ya ishara, Hispania wanaiita lengua de signos, Amerika ya Kusini wengi wanasema lengua de señas, so jua kwanza kijitabu kinaenda wapi.
Mzee ndo mtihani, kwetu ni heshima ila viejo inategemea nani anasema na kwa sauti gani (Muargentina akisema mi viejo anamtaja babake). Hispania weka persona mayor, kule kwingine adulto mayor

BiKalamu
Ila angalizo, kama kuna mahali mtu anatukanwa usilisafishe tusi, msomaji ajue kuwa katukanwa

mtafsiri_mbichi
Asanteni sana aisee. Bi Kalamu umenishtua, kuna ukurasa mama anasimulia majirani walivyokua wanamwita mwanae zeruzeru, nilishaweka niño con albinismo mdomoni mwa majirani 😅 nairudisha zeruzeru kama ilivyo, maelezo naweka chini