Naomba ushauri: nampeleka baba ufukwe wa mchanga mweusi, Punaluʻu, Hawaii

Binti_Mwalimu
Wakuu, salaam. Naishi Houston. Baba yangu amekuja kunitembelea kutoka Arusha. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, kafundisha volkano miaka nenda rudi, na Oldoinyo Lengai aliupanda enzi za ujana wake. Kabla hajarudi nataka nimpeleke Kisiwa Kikubwa cha Hawaii, aione volkano ya Kilauea na ule ufukwe wa mchanga mweusi wa Punaluʻu. Magoti yanamsumbua, na ana pumu ya siku nyingi.

Viza yake ni ya kuingia mara moja tu, haitaleta shida? Atafika majini bila taabu? Na tunaweza kuchota mchanga kidogo kwenye chupa? Ameniomba sana, anataka kuwapelekea wanafunzi wa shule aliyokuwa akifundisha.

Mhamaji_TX
Viza ondoa wasiwasi, dada. Hawaii ni jimbo la Marekani tangu 1959, kwa hiyo hatoki nchini. Abebe pasipoti yake, basi.

Mama_Hilo
Mpe mzee shikamoo yangu. Kutoka hapa Hilo mnafuata barabara namba 11, kama kilomita 90 hivi. Lango la hifadhi ya volkano liko njiani, kwa hiyo vyote viwili vinawezekana kwa siku moja, ila kwa magoti hayo laleni kijiji cha Volcano, msimkimbize.

Gari mnaegesha jirani na ufukwe. Kazi ni mchanga wenyewe: punje zake nene kama ulezi, mguu unazama kila hatua. Mshike mkono. Nendeni asubuhi, maana jua likipanda mchanga ule unaunguza nyayo. Asivue ndala.

Kuogelea hapana. Mkondo una nguvu na mawe yamejaa. Aingize miguu tu pembeni, atashangaa: kuna chemchemi za maji baridi yasiyo na chumvi zinazotokea chini ya bahari, unasikia ubaridi ukipita kwenye vifundo.

Kasa hupanda kuota jua. Wengi ni kasa wa kijani, wenyeji wanawaita honu. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, ni wa bahati. Kaeni mbali nao, mita 3 ndiyo kiwango cha chini, 6 ni bora zaidi. Na asiguswe hata mmoja.

Sasa mchanga. Usichukue, mwanangu. Sheria ya jimbo inakataza, halafu mchanga ule haujazwi kila siku. Lava ya moto ikiingia baharini hupasuka vipande vidogovidogo. Lava ikikata, hakuna mchanga mpya, na uliopo mawimbi yanaula. Kaimū, kisiwani humuhumu, palikuwa na ufukwe mweusi uliopendwa sana, lava ikaufukia mwaka 1990. Wenyeji wa hapa wanaiheshimu ardhi hii kuwa ya Pele, mungu wao wa kike wa volkano. Ninaumia kila nikiona mgeni anajaza chupa.

Mpare_Miamba
Mwalimu atafurahi sana kulinganisha. Lava ya Lengai ni ya kabonati, jamii ya magadi, joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu. Hutoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Ya Kilauea ni basalti, mwamba mweusi wa volkano, inapita nyuzi 1,100, na ikipoa hubaki nyeusi. Badala ya chupa, piga picha za karibu: punje juu ya kiganja chake, rula pembeni. Darasani picha hiyo inafundisha vizuri.

Mkiweza fikeni na Pohoiki, ufukwe mwingine mweusi wa kisiwa hichohicho. Mchanga wa pale umezaliwa na mlipuko wa 2018, ule ulioteketeza nyumba zaidi ya 700. Punaluʻu ni mkongwe, Pohoiki ni mpya. Akiviona vyote viwili somo limekamilika.

Nesi_Dallas
Usipuuze hiyo pumu. Kilauea imekuwa ikilipuka kwa vipindi tangu Desemba 2024, na gesi ya salfa ikichanganyika na hewa inabana kifua hata cha mzima. Angalieni taarifa za ubora wa hewa za hifadhi asubuhi ya siku yenyewe. Zikiwa mbaya, ahirisheni. Dawa yake ya kuvuta ikae mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini. Na sweta: kileleni ni zaidi ya mita 1,200, jioni kuna baridi.

Binti_Mwalimu
Asanteni mno. Nimemsomea baba majibu yote. Ya mchanga amenyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina rula. Mama, hiyo Pohoiki ataiweza?

Mama_Hilo
Chini kuna mawe mengi ya mviringo na mawimbi makali, asishuke. Lakini lava ya 2018 ilikomea karibu kabisa na bustani ya mapumziko ya hapo ufukweni, ataiona akiwa amesimama salama. Mkirudi bara msibebe embe, kwenye ukaguzi uwanja wa ndege watawanyang'anya. Mkishapata tarehe niandikie faragha, mpitie kwangu mle ugali.