Kuendesha programu ya Fortran kutoka kwenye website: ukurasa unakata kabla hesabu haijaisha

mwana_igawa:
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada. Niko Mbarali, kuna programu ya zamani iliyoandikwa kwa Fortran (lugha ya zamani ya kuandikia programu za hesabu) inayopiga hesabu ya maji ya Ruaha Mkuu siku kwa siku, mvua inayoingia bonde la Usangu, maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya mpunga, na yanayobaki kufika bwawa la Mtera. Hesabu zake ni nzuri na mto wenyewe mnaujua, tangu 1993 unakauka kule Hifadhi ya Ruaha kila kiangazi, kwahiyo hii sio kazi ya kujifurahisha, watu wa skimu wanataka kujua wakifungua mfereji wiki hii huku chini kunabaki nini.

Sasa nimeiwekea website ya Django (zana ya Python ya kutengenezea website) ili mtu ajaze fomu kwenye simu, abonyeze, apate jibu. Kwenye kodi ya Python naita subprocess.run (amri ya kuanzisha programu nyingine) halafu nasubiri. Tatizo hesabu moja inakula kama dakika nne, ukurasa unakata mapema inakuja 502 (kosa la seva kukosa jibu), mtu anarifreshi anabonyeza tena, nikiingia kwenye seva nikifungua top (orodha ya programu zinazokimbia) naona programu zile zile tatu nne zinakimbia kwa pamoja na seva yenyewe ni ya prosesa mbili tu. Na kuna siku mtu wa Igurusi amepata majibu ya mtu wa Ubaruku. Nimefikiria niongeze taimauti iwe dakika kumi, mnasemaje?

kihesa_dev:
Kamwene mkuu. Taimauti usiongeze, hapo utakuwa umeficha ugonjwa. Gunicorn, ile inayoendesha Django kwenye seva, bila kuigusa inasubiri sekunde 30 tu, ikiona mfanyakazi wake (worker, anayehudumia maombi ya watu) kimya inamuua, lakini ile programu ya Fortran aliyoianzisha inaweza isife naye, ikabaki inakula prosesa bila mtu wa kuipokea jibu, huenda ndo hizo unazoziona kwenye top. Na hata ukiongeza hapo, Nginx (seva ya mbele inayopokea maombi ya watu) ina sekunde 60 zake, na ukimaliza hiyo mtandao wa simu wa mkulima unaweza kukatika wenyewe kabla ya dakika nne.

Unachotakiwa ni kutenganisha. Website ipokee fomu, iikague, iiweke kwenye foleni, imrudishie mtu namba ya kazi hapo hapo. Pembeni kuna mfanyakazi mwingine kabisa anachukua kazi moja moja kwenye foleni na kuendesha Fortran. Ni kama mashine ya kukoboa, unaacha gunia unapewa namba unaenda zako sokoni. Ukurasa unauliza kila baada ya sekunde chache namba yangu imefikia wapi, simu ikizima mtu akirudi na namba yake anakuta jibu. Kwa kazi yako Redis (inayotunza foleni) na RQ (maktaba ya Python ya kuendesha foleni) vinatosha, ila angalia RQ yenyewe inakata kazi ikizidi sekunde 180, kwahiyo weka job_timeout kubwa la sivyo utarudi hapa na swali lile lile. Wafanyakazi wasizidi wawili maana prosesa ni mbili.

Hilo la majibu kuchanganyika nina uhakika programu yako inasoma faili lenye jina moja siku zote, sijui INGIZO.DAT, na wote wanaandika humo humo. Fortran ikifungua faili bila njia kamili inalitafuta kwenye folda iliyoanzishiwa, kwahiyo kila kazi itengenezee folda yake ya muda, andika faili humo, halafu mpe subprocess cwd (folda ya kuanzia kazi) ya hiyo folda. Huhitaji kugusa hata mstari mmoja wa Fortran. Na vitu alivyojaza mtu viishie ndani ya faili, usiviunganishe kwenye amri ya shell hata siku moja.

mjukuu_wa_makambako:
Mi naona mnazunguka, si aigeuze iwe maktaba kwa f2py (zana ya kuunganisha Fortran na Python) aiite moja kwa moja toka Python? Hakuna faili hakuna folda.

kihesa_dev:
Kwa hesabu ya milisekunde nakubaliana na wewe, maana kuanzisha programu na kuandika faili kunachukua muda kuliko hesabu yenyewe. Ila hii ni kodi ya zamani ndugu yangu, humo ndani huwa zimejaa STOP (amri ya kusimamisha programu), na STOP moja ikigongwa inaondoka na Python nzima. Halafu COMMON (sehemu za kumbukumbu zinazotumiwa na kodi nzima) zinabaki na namba za mtu aliyetangulia, hapo majibu yatachanganyika vibaya zaidi na hutaona kirahisi. Fortran ikikimbia peke yake ikifa imekufa yenyewe.

dada_wa_uyole:
Naongezea kidogo. Usikompaili kwenye laptopu halafu ukapakia seva, ukitumia -march=native (ikompailiwe kwa prosesa ya mashine hiyo hiyo) inaweza kufa na Python ikakurudishia -4, maana prosesa ya seva inaweza isijue amri za prosesa yako. Weka gfortran (kompaila ya Fortran) kule kule seva ukompaili huko.

La pili ambalo naliona kubwa kuliko yote: usiamini kodi ya kumalizia (exit code, namba programu inayorudisha ikiisha). STOP yenye maneno tu inarudisha 0 kana kwamba mambo yameenda sawa. Soma faili la matokeo, hakikisha siku zote zimo mpaka ya mwisho na hakuna NaN (alama ya hesabu iliyoharibika), ndio umuoneshe mtu. Huyo anafunga mfereji kwa namba hiyo. Na ingizo likifanana na la jana mpe jibu la jana, usipige upya.

mwana_igawa:
Ndaga fijo, asanteni wote, nimepanga RQ na folda, zinaenda vizuri hata wakibonyeza wengi. Moja tu limebaki, nataka kuonesha imefika mwaka gani, programu inaprinti kila mwaka lakini kwenye logi hazionekani mpaka mwisho zinatoka zote kwa mpigo.

dada_wa_uyole:
gfortran inazikusanya kwanza kwakuwa haiandiki kwenye skrini. Weka GFORTRAN_UNBUFFERED_ALL=1 kwenye mazingira ya ile subprocess. Ikipunguza kasi, maana hapo inaandika kila kitu papo hapo, itoe, weka flush (amri ya kutoa maandishi yaliyokusanywa) moja tu kwenye kodi baada ya kila mwaka.