Sumaku isiyotulia hata kwenye baridi kali

Mwalimu wa Kongwa: Wakuu, nafundisha fizikia kidato cha sita. Sumaku tatu zimekaa kwenye pembe za pembetatu, kila moja ikitaka kuelekea kinyume na jirani: mbili zikishapingana, ya tatu igeukie wapi? Ndani ya jiwe hali hiyo huzaa nini?

Binti Mpwapwa: Shikamoo mwalimu. Ndiyo mbegu yenyewe ya wazo la sumaku isiyotulia! Mwaka 1973 mwanafizikia Philip Anderson alipendekeza kwamba spini (visumaku vidogo vya ndani ya atomu) zilizobanwa hivyo zinaweza zisijipange kabisa, zikabaki zimefungamana kikwantamu, yaani hali ya moja haielezeki bila ya nyingine.

Msuka Tenga: Mfano ni hebatismaiti (herbertsmithite), madini yenye shaba na zinki. Atomu za shaba zimepangika kama tenga la kuku: pembetatu zimezunguka tundu la pembe sita. Watafiti wameipoza karibu kabisa na nyuzi -273 za Selsiasi, kikomo cha baridi, na bado spini hazijajipanga.

Mwalimu wa Kongwa: Marahaba binti. Kesho naingia darasani na tenga.