Tupeane uzoefu: Mnaofanya kazi za mikono nyumbani na mna watoto wadogo, siku yenu inakwendaje?

Mama Masweta (Uyole, Mbeya)

Habari za usiku wapendwa. Nafuma masweta kwa mashine ya mkono, sebuleni kwangu. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka mitatu, mdogo ametimiza miezi kumi juzi. Naandika nimechoka, mnivumilie.

Mwezi wa kumi na mbili nilipata oda ya masweta 40 ya shule moja binafsi, yavaliwe shule zikifunguliwa Januari. Nikapiga hesabu: mawili kwa siku, siku ishirini nimemaliza, Krismasi nakula pilau kwa raha zangu. Kumbe ile ilikuwa hesabu ya mtu asiye na mtoto. Mdogo akashikwa na homa, meno nayo yakaanza kusumbua, hataki mgongo, hataki kitanda, anataka ziwa tu. Siku moja nimetoka kuangalia maharage jikoni, narudi nakuta mkubwa ameshika uzi wa mkono wa sweta niliokuwa sijaufunga mwisho, ameufumua wote na kuuzungusha kwenye miguu ya meza. "Mama, nimekusaidia."

Siku ya kukabidhi nilikuwa na masweta 26. Yaliyobaki wakampelekea fundi mwingine na malipo yangu wakayakata. Mume wangu hakuniambia neno. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Lakini si unashinda nyumbani kutwa nzima?" Hilo ndilo lililonikaa rohoni, kuliko hata ile pesa.

Tangu hapo sihesabu tena masweta, nahesabu vipande. Mgongo, kifua, mikono miwili, kola. Kipande kimoja nakianza pale tu ninapoona kuna nafasi ya kukimaliza, maana nikiacha katikati ya mstari nikirudi sijui nilifika wapi. Mtoto akilala asubuhi napata mgongo. Mchana nikibahatika, mkono mmoja. Kuunganisha ni usiku, maana sindano naweza kuishika hata huku nanyonyesha (msinifuate hapo, ni hatari).

Wenzangu mnafanyaje? Tupeane uzoefu, wa kufanikiwa na wa kushindwa pia.

Milulu Kihesa

Kamwene dada. Iringa hapa. Mimi nasuka vikapu vya milulu (nyasi za bondeni), kazi niliyofundishwa na bibi yangu mzaa mama kabla sijajua kusoma. Kwa upande wa watoto, mwenzio nina bahati, kikapu hakina ugomvi na mtoto. Unasuka mizunguko mitatu, anakuita, unakiweka chini, unarudi kesho unaendelea palepale, hakifumuki. Naenda nacho kliniki, msibani, hata kwenye kikao cha shule. Milulu ikikauka sana nainyunyizia maji kidogo inalainika. Shida yake ni moja tu, mtoto wa kutambaa anaona kila unyasi ni chakula.

Balaa langu mimi lilikuwa bei. Kuna dalali alikuwa anapita kila mwisho wa mwezi anachukua kikapu cha kati kwa 8,000, anapeleka Dar. Nikawa nashukuru, hela ya sukari imepatikana. Mwaka juzi nikanunua daftari la mtoto la kurasa 48 nikaanza kuandika muda. Nikikaa naandika saa, nikiitwa naandika saa. Nilichukua kikapu kimoja tu nikakifuata mpaka mwisho. Ilikuwa saa 14! Na hapo sijaweka siku ya kwenda bondeni kukata milulu, kuianika, na kuchemsha rangi. Gawanya mwenyewe: haifiki hata 600 kwa saa. Nilikaa kimya nikatazama ukuta.

Sikumfukuza dalali. Nilimwambia tu bei mpya ni 20,000. Akacheka, akaondoka, miezi miwili hakurudi. Ile miezi miwili ilikuwa migumu, sitawadanganya, tulikula ugali na mboga za majani mpaka watoto wakauliza kuku wameenda wapi. Ila nikapata mtu mwenye duka karibu na mjini anayeuzia wageni wanaokwenda hifadhi ya Ruaha, na kuanzia Juni hadi Oktoba wageni ni wengi. Yeye ananipa 18,000 na hanikopi. Siku hizi nasuka vikapu vinne kwa mwezi badala ya tisa, na pesa haijapungua. Muda uliobaki namfundisha mwanangu wa kwanza kusoma.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujajilaumu kuhusu masweta 14, nieleze sweta moja unauza bei gani na linakula saa ngapi.

Mama Masweta

Dada Milulu umenishika pabaya. Sijawahi kuhesabu. Naanza kesho.

Nipo Songea

Mimi niliajiri dada wa kazi ili nishone mikoba kwa nafasi. Mikoba ikaenda vizuri. Mwezi wa tatu mtoto akaanza kumwita dada "mama" na mimi ananiita "anti". Nimepunguza mikoba.

Sabuni ya Tukuyu

Ndaga fijo (asanteni sana) kwa mada. Yangu si ya mipangilio, ni ya kuogofya, lakini naona lazima niiseme maana humu wapo wanaotengeneza sabuni za mche nyumbani kama mimi.

Tukuyu mnaijua, mvua haina likizo. Kazi za nje unazifanyia ndani. Nilikuwa nachanganyia kostiki soda (ile kemikali kali ya sabuni) na maji jikoni, kwenye ndoo. Siku hiyo mchanganyiko ulibaki kidogo, nikaona nisiutupe, nikaumimina kwenye chupa tupu ya soda nikaiweka nyuma ya mlango. Maji yale hayana rangi. Jioni mwanangu wa miaka minne kaikuta chupa, kaifungua. Aliyemuokoa ni kuku, nawaapia: kuku aliruka kutoka kwenye tenga, mtoto akashtuka, chupa ikamponyoka. Ikamwagikia mguuni, pakawaka. Nikamwagilia maji ya bomba mfululizo huku nalia, nikampeleka hospitali. Amebaki na kovu la ukubwa wa kidole gumba.

Daktari aliniambia vitu ambavyo aliyenifundisha sabuni hakuwahi kunigusia. Angekuwa ameinywa, ingemuunguza koo. Na mtoto aliyemeza kostiki usimtapishe, maana inaunguza mara ya pili ikipanda. Anasukutuliwa mdomo na kukimbizwa hospitali. Mengine nimeyajua baadaye: kostiki ndiyo unaitia kwenye maji kidogokidogo, kamwe usimwage maji juu ya kostiki, itafoka. Na hakuna kuweka kwenye chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja.

Sasa nachanganya Jumamosi tu, watoto wakiwa kwa shangazi yao Kiwira. Wiki nzima iliyobaki ni kukata, kuanika na kufungasha, na hapo hata wao wananisaidia. Kiasi nilichokuwa natengeneza kwa mwezi kimepungua karibu nusu. Sitaki kurudi kule.

Bibi wa Matema

Naandikiwa na mjukuu. Sisi huku Matema ni wafinyanzi, Wakisi, vyungu vyetu mnavipikia na hamjui vimetoka wapi. Nimefinyanga na watoto saba. Hatuna gurudumu, ni mikono na wewe mwenyewe unakizunguka chungu, mtoto yuko mgongoni. Akilia unazunguka haraka zaidi, ananyamaza.

Mtoto mwenye akili ya kukaa unampa bonge la udongo. Anafinyanga ng'ombe, anaukanyaga, anafinyanga tena. Siku ya kuchoma ndiyo hatukuwa na mtoto karibu. Siku hiyo watoto wote wa uani wanakaa kwa bibi mmoja, na huyo bibi atapata chungu chake. Jumamosi vyungu vinakwenda mnadani Lyulilo, vingine kwa mtumbwi.

Nawasoma hapa naona kila mmoja yuko peke yake ndani na mlango umefungwa. Yule wa masweta, jirani zako wako wapi?

Mama Masweta

Shikamoo bibi. Jirani wa kulia sijui hata jina lake. Tuna mwaka wa pili hapa.

Bibi wa Matema

Marahaba. Kesho kamsalimie.

Baba Pacha

Naomba kuingia ingawa si mama. Mke wangu anatengeneza batiki, tupo Iyunga. Nilikuwa mmoja wa wale wa "si unashinda nyumbani". Mwaka jana nilikosa kazi miezi minne, nikashinda nyumbani kweli. Wiki ya kwanza tu niliona anachofanya: anayeyusha nta huku pacha mmoja anapigwa marufuku karibu na jiko, mwingine anataka kujisaidia, mteja yupo mlangoni anataka kupunguziwa elfu mbili, wingu linakuja na vitambaa sita viko kambani. Nilisimama nikashika kamba tu, sikujua nianze na lipi.

Sasa nimepata kazi tena. Lakini kuanzia saa kumi na moja jioni pacha ni wangu. Nawaogesha, nawalisha, nafua nepi. Wenzangu wa kijiweni wananiita "Mama Pacha". Waniite tu, hiyo nepi haifuliwi na kijiwe.

Njombe Baridi

Baba Pacha ubarikiwe, naomba mume wangu asome humu.

Nataka kuongelea mkopo maana naona haujaguswa. Mnafahamu halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Sisi tulikuwa kina mama wa kufuma vitambaa vya makochi na kofia, tukaupata mwaka 2022, kabla haujasitishwa mwaka 2023 (umerejea 2024, kwa wanaouliza). Tukanunua nyuzi kwa jumla, nafuu kubwa.

Kilichotutesa ni vikao. Kila mtu ana mtoto wa rika lake: mmoja ananyonyesha, mmoja wa chekechea anatoka saa tano na nusu, mmoja mtoto ana pumu na Njombe Julai mnaijua, asubuhi majani yana barafu. Mwenzetu alikosa vikao vitatu tukaanza kumnong'ona. Kumbe alikuwa hospitali na mtoto siku kumi na moja na hakutaka kutuambia, aliogopa tutamtoa. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Tukabadilisha: kikao ni kwa aliyejifungua au mwenye mgonjwa, nyumbani kwake, na tunakwenda na kuni na unga. Rejesho la mwenye mgonjwa wengine tunalibeba mwezi huo, atalilipa mbele. Tulimaliza deni likiwa limechelewa miezi miwili.

Mafinga Sipo Tena

Mimi niliacha. Nilikuwa nashona wanasesere wa vitenge, mtoto wa pili alipozaliwa njiti nikafunga mashine, nikaifunika na shuka kwa miaka miwili. Nusu ya wateja walipotea. Mtoto yupo, ananenepa. Nimeifunua mashine Januari. Ilikuwa na panya ndani.

Mama Masweta

Jamani nimesoma yote. Nimehesabu kama Dada Milulu alivyosema: sweta la mtoto wa darasa la kwanza ni saa tano na dakika kadhaa, ukitoa uzi nabakiwa na 4,500. Nimemwonyesha mume wangu daftari. Akauliza, "Na haya maandishi ya saa nane usiku ni ya nani?" Nikamwambia ni yangu, wewe ulikuwa umelala.

Jirani wa kulia nimemsalimia. Naye ana mtoto wa mwaka mmoja, na anapika vitumbua alfajiri. Tumekubaliana Jumanne na Alhamisi wa kwake anakuja kwangu mama yake akiwa sokoni Mwanjelwa, Jumatano na Ijumaa wa kwangu wanakwenda kwake. Tumejaribu wiki moja. Jumatano nilitoa migongo mitatu na kola mbili kabla ya adhana ya mchana, nikakaa nikashangaa kimya cha nyumba.

Swali moja bado: wateja wanaokuja kugonga saa tatu usiku, nimewavisha wanangu nguo za kulalia, mtu anataka kupimisha sweta. Mnawaambiaje bila kuwapoteza?

Milulu Kihesa

Tundika kanga mlangoni. Kanga ikiwepo, duka limefungwa. Wateja wangu wote wanajua, na anayegonga juu ya kanga namwitikia kwa dirishani, bei ya usiku.

Baba Pacha

Bei ya usiku ni kiasi gani?

Milulu Kihesa

Inategemea kama mtoto ameamka.